Ndoo ya Pili

Kama gari lako ni jeusi, au la buluu iliyokolea, na limeegeshwa hapo nje juani, toka ukaliangalie kabla sijafika mbali. Simama mbele ya boneti, tafuta mahali jua linapoakisika kwenye rangi, kisha tazama pembeni mwa ule mng'aro. Utaona mistari myembamba imejipanga duara kulizunguka jua. Sogeza kichwa, na lile duara linakufuata. Wengi hudhani ni alama za mkono wa mtu aliyekuwa akizungusha kitambaa. Hapana. Mikwaruzo ile imetapakaa boneti zima na inaelekea kila upande, ila jua linakuonyesha ile tu iliyolikalia kwa pembe inayofaa. Kwa hiyo ulichokiona ni sehemu ndogo ya kilichopo.

Na aliyeichora si mwenye bodaboda aliyekupita kwenye foleni ya Mwenge. Tumeichora wenyewe, kila Jumamosi, kwa sabuni na nia njema. Nami leo nasimamia hoja hiyo hadi muda wangu uishe: magari yetu yanachakazwa rangi na uoshaji kuliko uchafu.

Tuanze na kinachooshwa. Magari mengi tunayoendesha, hizi IST na Vitz na Harrier na Noah zinazoshuka bandarini kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, rangi yake ni ya matabaka. Juu kabisa pana vanishi isiyo na rangi, na hiyo ndiyo yenye mng'aro wote, ndiyo inayoikinga rangi ya chini na jua. Unene wake ni takriban milimita 0.05, na mara nyingi haufiki hapo. Karatasi moja ya daftari la shule ni nene karibu mara mbili yake. Sasa chukua vumbi letu, liwe la Dodoma, la Kibaha au la barabara ya mtaani kwenu isiyo na lami. Ndani yake mna chembe za mchanga, madini yaleyale tunayotengenezea vioo, na ni magumu kuliko kioo chenyewe, magumu kuliko hata bati la mlango wako. Mtu akishika tambara kavu akalipangusa gari lenye vumbi, "natoa vumbi tu", ajue amepiga msasa.

Kwa sababu hiyo kuna kitu kimoja ninachokichukia hasa: lile brashi la manyoya la kufutia vumbi, linalouzwa kwenye foleni na kukaa kwenye buti. Watu hulitumia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na gari linapendeza kweli hadi jioni. Baada ya mwaka boneti limepauka, lawama anapewa aliyepaka rangi kule Japani.

Twende basi kwenye sehemu za kuoshea magari. Zipo kila kona ya mji: tangi la maji juu ya mnara wa vyuma, mashine ya presha inayonguruma, vijana watatu au wanne waliokunja suruali, muziki, na benchi la wateja wanaosubiri huku wakichezea simu. Nazipenda. Ni ajira, na wale vijana wana kasi ambayo mimi nyumbani sina. Lakini siku moja acha simu, uangalie ndoo. Ndoo ni moja. Ndani yake mna sabuni ya unga, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kitambaa kinachozama humo kimetoka kusugua rimu za gari la mbele yako, lile Fuso lililotoka machimboni. Kitambaa kile kinapanda moja kwa moja kwenye paa la gari lako. Povu ni jingi, na chini ya povu mchanga unafanya kazi yake.

Dawa yake haina gharama: ndoo ya pili. Moja iwe ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Kabla kitambaa hakijarudi kwenye sabuni, kinapita kwanza kwenye maji matupu, kinakamuliwa, mchanga unabaki humo. Ukimaliza gari, mwaga ile ndoo ya maji matupu taratibu uone kilichokaa chini. Ukiona lile tope hutahitaji mimi nikushawishi.

Mengine yanafuata hapo. Kabla ya kugusa gari kwa kitu chochote, limwagie maji ya kutosha, juu hadi chini, uliache dakika chache tope lilainike, umwagie tena. Kile kinachotoka kwa maji peke yake hakina nafasi ya kukwaruza. Halafu anza na paa, vioo, boneti, buti, milango kwa juu, ndipo ushuke chini kwenye bampa na vizingiti vya milango, kwani huko ndiko mchanga mwingi uliko. Rimu na matairi ni za mwisho, tena kwa kitambaa chake maalumu ambacho hakiruhusiwi kupanda juu maisha yake yote. Dodoki liache bafuni. Spanji ya godoro nayo haifai sana, maana uso wake hauna mahali pa kuficha mchanga, inausukumiza tu mbele. Kitambaa cha mikrofaiba, kile chenye manyoya mafupi, kinauvuta mchanga ndani. Kikianguka chini, usikipanguse kwenye suruali ukaendelea. Weka pembeni, chukua kingine.

Kuhusu sabuni, najua nitagombana na wengi. Sabuni ya unga ni kali kwa sababu imetengenezwa kutoa mafuta na jasho kwenye nguo. Kwenye gari inaondoa nta, inakausha raba za milango, na chembe ambazo hazijayeyuka ni kama umejiongezea mchanga kwa hiari. Sabuni ya vyombo ni afadhali kidogo, ila nayo inang'oa nta, hivyo ina siku yake moja tu: ile siku unayotaka kutoa nta ya zamani ili upake mpya. Shampuu ya gari haina ukali huo, na kazi yake kubwa ni kuteleza, kuunyanyua uchafu ili kitambaa kipite bila kuukandamiza. Chupa inaonekana ghali dukani. Lakini kipimo ni kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo nzima, na ukipiga hesabu utaona ulikuwa unatumia hela zaidi kwenye pakiti za unga.

Saa ya kuosha nayo ina maneno yake. Saa sita mchana, boneti linaunguza mkono, sabuni inakauka kabla hujafika mlango wa pili. Osha asubuhi na mapema au jioni, kivulini. Na hapa wenzangu wa Dar es Salaam tuna balaa letu la maji ya kisima. Visima vingi vya mji huu maji yake yana chumvi, na hata yale yasiyo na chumvi mara nyingi yamejaa chokaa. Ukiliacha gari lijikaushe, maji yanaruka hewani, chumvi na chokaa vinabaki kama vidoa vyeupe vya duara. Jua likivichoma siku mbili tatu, vinashika. Kausha gari mara moja, kwa taulo kubwa ya mikrofaiba au ile ngozi ya kufutia, na uilaze juu ya bodi ukiivuta polepole badala ya kusugua. Vidoa vilivyokwisha kukaa kwenye vioo vinatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ndimu pia inafanya kazi hiyo, tindikali ni tindikali. Ila usiiache ikakaukia kwenye rangi, na suuza vizuri. Ukiwa na pipa la maji ya mvua, hayo ndiyo bora kuliko yote kwa msuuzo wa mwisho, na hayana bili.

Na vioo vya ndani? Gazeti la jana. Likunje, lilowanishe kidogo, futa, kisha malizia na kurasa kavu. Njia ya wazee, na sijaona dawa ya dukani iliyoishinda kwa bei hiyo.

Sasa kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu tunaowaona Dar es Salaam na Mombasa si wa kwetu, asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wazile taka za mji, wausafishe. Wameusafisha mji wanavyojua wao, na mabaki wanatuletea juu ya boneti. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, nacho kikikauka juani kinavuta na kuila vanishi, hata ukikitoa baadaye utaona kivuli chake kimebaki. Kisikae hadi Jumamosi. Lakini pia usikikwangue kwa kucha wala kukifuta kikavu, kwa sababu ndege nao wanameza mchanga. Lowanisha kitambaa, kiweke juu ya doa, hesabu dakika tano, kisha inua. Utomvu wa mwembe ni ndugu yake, na ni msumbufu zaidi. Huo unataka spiriti kidogo kwenye kitambaa, unagonga gonga doa badala ya kusugua. Lami iliyorukia milango ya chini inalainishwa na mafuta ya taa kidogo sana, au na ile WD-40 ambayo mafundi huipulizia kila kitu. Ukimaliza, osha kwa shampuu, maana mafuta yakibaki yanakusanya vumbi.

Nta na polishi watu huviita jina moja, nao wauzaji hawana haraka ya kutofautisha. Polishi halisi, ile inayotoa mikwaruzo, ina unga unaosaga. Inaondoa mikwaruzo kwa kuipunguza vanishi hadi ilingane na kina cha mkwaruzo. Gari linang'aa kama jipya, ni kweli, lakini umekopa kutoka kwenye ile nusu ya karatasi, na deni hilo hakuna anayelilipa. Mara moja kwa miaka kadhaa, kwa fundi anayejua mashine yake, sina neno. Kila mwezi, kwa kijana aliyeshika mashine jana, hapana. Nta yenyewe haisagi chochote, inakaa juu na kuziba. Iliyo maarufu zaidi ni ya kanauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na inahitaji zaidi ya nyuzi 80 ili iyeyuke, ndiyo sababu inavumilia jua. Siku hizi kuna nta za kutengenezwa kiwandani zinazodumu zaidi. Mimi bado napenda ile ya kopo, ya kupaka kwa mkono, safu nyembamba, sehemu kwa sehemu. Turtle Wax ya Marekani na Sonax ya Ujerumani zinapatikana mijini, lakini nunua duka unaloliamini, kwa kuwa makopo ya kuigiza yamejaa. Kujua kama nta ingalipo, mwagia maji: yakijikusanya matone matone na kukimbia, ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha. Kwa jua letu usitegemee ipite miezi miwili au mitatu.

Tuingie ndani. Ukienda kuchukua gari lako, kijana anakufungulia mlango kwa fahari, na dashibodi inameta utadhani imekaangwa. "Bosi, tumekupiga na polishi ya bure." Mshukuru, kisha ukae kwenye kiti uone. Ule mng'aro unaakisiwa kwenye kioo cha mbele, na jioni ukielekea magharibi unaendesha nusu kipofu. Vumbi la kesho linanasa kwenye yale mafuta. Na kama bahati yako mbaya amepaka na usukani au pedali, hiyo sasa ni hatari, mguu unateleza kwenye breki. Mimi huwaambia mapema: ndani nitoleeni vumbi, polishi pelekeni matairini. Kitambaa chenye unyevu na tone moja la sabuni kinatosha kwa plastiki zote. Matundu ya kiyoyozi tumia brashi ndogo ya kupakia rangi au mswaki uliostaafu.

Kuna dada mmoja wa Tabata aliniuliza juu ya harufu. Alinunua samaki Feri, jodari na kibua, akawaweka kwenye buti, mfuko ukapasuka. Ameosha kapeti mara kadhaa, ametundika kimti cha kunukia kwenye kioo, sasa gari linanuka samaki waliojipulizia manukato. Dada, kapeti halina kosa. Inua ubao wa buti, toa tairi ya akiba. Chini yake pana bonde la bati, na maji ya samaki yalishuka huko siku ileile. Kwenye bonde hilo kwa kawaida pana kizibo cha mpira. Kichomoe, osha kwa maji ya sabuni, yatokee chini, acha buti wazi juani hadi pakauke kabisa, kisha rudisha kizibo, usije ukasahau ukakaribisha vumbi na maji ya mvua. Baada ya hapo weka kikapu kidogo cha mkaa mkavu usiku kadhaa, unavuta harufu iliyobaki. Viti vya kitambaa navyo ni hivyohivyo: povu jingi, maji machache, milango wazi. Kiti kikilowa hadi kwenye sponji kikafungiwa, baada ya siku mbili kinaota ukungu, na harufu ya ukungu ni ngumu kuliko ya jodari.

Injini nitaipitia haraka, kwa kuwa ushauri wangu ni mfupi: usiielekezee mashine ya presha. Zamani, enzi za Peugeot 504, ulifunika distribyuta kwa mfuko wa nailoni ukaendelea na maisha. Gari la leo lina koili juu ya kila plagi, lina vihisio na soketi za waya kila pembe. Maji yakitulia kwenye shimo la plagi, gari linaanza kukohoa, na utalipia koili kwa sababu ya usafi ambao hakuna atakayeuona, boneti likishafungwa. Kitambaa, brashi, dawa ya kutolea grisi kidogo, injini ikiwa imepoa. Na lile jiko la rejeta mbele, presha ikikaribia sana inayalaza mapezi yake na hewa haipiti tena.

Kuna pia desturi ya kupuliza dizeli chini ya gari ili chuma kisipate kutu na pang'ae. Panang'aa. Lakini bushi na buti za raba zilizoko huko chini hazipatani na mafuta hayo, zinavimba na kulainika, na vumbi linaganda kwenye dizeli likawa uji. Kama unaishi Kigamboni, Unguja au Kilindini, unavuka na pantoni na kuegesha karibu na ufukwe, adui yako ni chumvi, na chumvi inaondolewa na maji matamu tu, mengi, chini kabisa, kwenye matao ya matairi. Wanunuzi wenye macho wanajua hilo. Gari lililotembea Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, linaweza kushuka bandarini likiwa na rangi ya kupendeza juu na kutu ya kutisha chini.

Taa zilizogeuka njano, kwa wanaouliza kila wiki, dawa ya meno inasaidia kwa majuma machache. Plastiki ya taa huja na ngao yake ya kuzuia miale ya jua, na ngao ikishaliwa, hakuna Colgate ya kuirudisha. Msasa wa maji wa namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu upake kinga mpya.

Limebaki la maji yanakokwenda. Mwanza na Kisumu wapo waliozoea kuliingiza gari ziwani, magurudumu majini, na kuliosha hapohapo. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na mafuta ya gari na sabuni ni baadhi ya vitu ambavyo ziwa halivihitaji. Lakini anayeumia kwanza ni muoshaji mwenyewe. Ufukweni Kisumu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana wa kuosha magari, kuanzia miaka ya 1990. Walikuwa wakisimama majini kutwa, katikati ya konokono wanaobeba kichocho, wanatibiwa kwa prazikwanteli, wanarudi kazini, wanaambukizwa upya. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2002 ulionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, miili yao ilianza kujijengea kinga. Sayansi ya dunia ilijifunza jambo kubwa juu ya kinga ya kichocho kutoka kwenye miguu ya watu waliokuwa wakitoa tope kwenye matatu.

Kwa hiyo ukienda Jumamosi hii, chagua sehemu yenye sakafu na mtaro, iliyo mbali na mto. Nenda na vitambaa vyako viwili na chupa yako ya shampuu, ukawaombe ndoo ya pili. Watakutazama, mmoja atasema, "Mzee, sisi hatukwaruzi magari ya watu." Usibishane naye. Mwambie utaongeza elfu mbili kwa ajili ya ndoo hiyo, na ukae mahali unapoiona.